Lori Lililokimbilia Kushoto

Kila siku nikitoka shule naweka mkoba, nachota maji, naosha vyombo vya mchana, kisha naenda kwa mjomba. Nikifika huko miguu inaniuma na kope ni nzito. Mjomba ni fundi wa redio na simu. Nyuma ya karakana yake kuna chumba chenye televisheni moja, mashine ya gemu na benchi refu, ambako watoto wa mtaani kwetu huja kucheza mpaka jua linapozama. Mimi hufagia na kuamua zamu ni ya nani, ndiyo maana wananiita Hakimu.

Gemu yetu ilikuwa moja tu, ya lori linalopandisha mayai mlimani. Yai likivunjika, unaanza upya. Tuliicheza miaka miwili kwa pedi ileile, yaani kile kishikio chenye vitufe na kijiti cha kukatia kona. Sehemu ya pili ilipotoka, mjomba alisafiri kutwa nzima kuifuata, akarudi nayo pamoja na pedi mpya. Alikuwa hoi, lakini alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi.

"Haya, Hakimu," alisema, "tuambie kama mwana kamfikia baba."

Nilicheza mara tatu kwa pedi mpya. Mara zote tatu lori lilikimbilia kushoto na kutumbukia bondeni na mayai yake. Wenzangu walijaribu, nao wakatumbukia. Rafiki yangu Kifupi, ambaye ni mrefu kuliko mwalimu wetu wa hesabu, aliitupa pedi kwenye benchi.

"Wameiharibu," alisema. "Sehemu za pili ndivyo zilivyo. Wanachemsha majani yaleyale ya chai."

Kesho yake niliandika kwenye gazeti la ukutani la shule: "Sehemu ya pili haifikii ya kwanza hata kidogo. Lori linavuta kushoto. Msipoteze muda wenu." Neno langu likaaminiwa, kama kawaida. Wiki nzima hakuna aliyekuja, hata kucheza ile ya zamani, kwa maana walishaichoka.

Mjomba aliamua kwamba Ijumaa ataitia gemu hiyo kwenye basi, imrudie muuzaji, na chumba kiwe stoo ya redio mbovu. "Nimechoka, mwanangu," aliniambia. "Nilidhani hii itawarudisha watoto. Basi, yameisha."

Niliumia, kwa sababu kile chumba ndicho mahali pekee ambapo siku yangu huwa nyepesi.

Alhamisi nilimkuta ameifungua pedi ya zamani anaisafisha. Nikachukua ile mpya nicheze sehemu ya kwanza, ya kuagana. Lori ninalolijua kama kiganja changu likakimbilia kushoto. Nilirudia, likaenda kushoto tena. Nikakitazama kidole gumba changu: kilikuwa kinasukuma kijiti kushoto chenyewe, wala mimi sikukituma.

"Mjomba, hiyo pedi ya zamani ina ugonjwa gani?"

"Kijiti kimelegea, kinavuta kulia," alijibu bila kuinua kichwa. "Mwaka wa pili huu."

Kumbe mtaa mzima tulikuwa tukisukuma kushoto ili lori liende sawa, mpaka mkono ukazoea. Gemu mpya haikuwa na kosa lolote. Nilipaswa kusema palepale, lakini niliwaza jinsi watakavyonicheka, nikaaga kwamba nimechoka. Nyumbani nilifua sare, nikala, nikalala mapema. Mikono ilipumzika, lakini moyo ulikataa.

Ijumaa alfajiri nilipitia karakanani. Mjomba alikuwa ameshalifunga kasha la gemu kwa kamba. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu jana, mjomba. Niliona aibu."

Aliketi kwenye kigoda na kujifuta uso. "Kukosea kupo. Mimi niliwahi kubadilisha spika nzima ya redio ya watu, kumbe sauti ilikuwa imepunguzwa mpaka chini. Lakini maneno yako bado yapo ukutani. Mimi siwezi kwenda kuyafuta."

Alifungua kamba, akaniwashia mashine. Nilicheza polepole, kidole nikikiongoza kama mtoto anayejifunza kuandika, na lori likafika kileleni bila yai hata moja kuvunjika. Huko juu mvua ilikuwa inanyesha, na barabara ilikuwa na mbuzi wa kukwepa.

Wakati wa mapumziko nilibandika karatasi mpya: "Mimi Hakimu nilikosea. Lori halivuti kushoto. Vidole vyetu vilizoea pedi mbovu. Muziki wa sehemu ya kwanza ni mtamu zaidi, lakini mlima wa sehemu ya pili ni mzuri kuliko wa kwanza." Walicheka mpaka kengele ikalia. Kifupi aliniita Kushoto, na jina likashika siku hiyohiyo.

Jumamosi walikuja watoto watano tu, Kifupi akiwa wa kwanza. Mjomba alisimama mlangoni, bisibisi mkononi.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Kabla hujakilaumu kitu, kagua kwanza mkono wako ulivyokizoea kingine. Na ukijua umekosea, sema siku hiyohiyo. Huyu angechelewa kidogo tu, gemu ingekuwa kwenye basi na nyinyi mngekuwa mnatazama mlango uliofungwa."

Alirudi kwenye redio zake, akitembea kwa uchovu uleule, ila safari hii alikuwa anapiga mluzi.

Kifupi alinigeukia. "Sasa sema kweli, Kushoto. Ipi nzuri, ya kwanza au ya pili?"

Wote watano walinitazama wakisubiri hukumu. Nilimpa Kifupi pedi.

"Cheza kwanza," nilisema, "halafu utuambie wewe."