Dirisha la Karani

"Sangara ametoka Bukima. Kuna mtu ndani."

Sauti ya Kamanda Amini ilipenya kwenye kifaa kidogo kilichofichwa sikioni, chini ya mtandio. Sabiha hakuinua kichwa. Aliendelea kuchapa majina ya wavuvi kana kwamba ameambiwa kutanyesha mvua.



Sangara lilikuwa jina lao la siri la lori. Mtu aliyekuwa ndani ni Florian, mvuvi wa Bukima, mtoa habari wake. Sabiha ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii. Sabiha ndiye aliyekwenda kwa mkewe, Debora, akamwahidi kwamba mumewe atarudi mzima. Debora hakumpa hata mkono.

"Usipomrudisha, hapa kwangu usikanyage," alimwambia.

Idara ya upelelezi ilimpandikiza Sabiha kama karani kwenye ghala la Alfonsi, pale Manyamanyama, Bunda. Bango la nje lilitangaza mabondo, vile vibofu vya sangara vinavyogombewa na wanunuzi wa ng'ambo. Chini ya mabondo yalisafiri meno ya tembo. Leo, katikati ya meno hayo, alilala Florian, amegunduliwa, mikono imefungwa kamba.

"Lisimamisheni," Sabiha alinong'ona.

"Hatuwezi. Dereva ameagizwa, akiona polisi anammaliza Florian kwanza. Na anapita njia za porini. Hasikii mtu isipokuwa bosi."

Na bosi aliongea kwa njia moja tu: mfumo wao wa mtandaoni. Alfonsi aliogopa kunaswa kwenye simu kuliko alivyomwogopa Mungu. Simu yake ilipokea majibu. Amri zilitoka kwenye kompyuta, kwa akaunti ya Msimamizi.

Sabiha naye alikuwa na akaunti humo, ya karani. Fomu ya kubadili njia ya lori aliiona vizuri kabisa. Alishawahi kuijaribu. Maandishi mekundu yalimjibu: *Huna ruhusa.*

Tangu aajiriwe alikuwa akiwinda nywila ya bosi. Kalamu yenye kamera. Saa yenye kamera. Kinasa sauti chini ya meza, eti kitasikia vidole vinabonyeza nini. Vyote viliambulia patupu. Alfonsi alichapa huku amefunika kibodi kwa kiganja, na nywila aliibadilisha kila asubuhi. Idara ilikuwa imenunua vinyago vya bei ya trekta.

"Furu, nywila unayo?" Amini aliuliza, akimwita kwa jina lake la siri.

"Sina. Sitaihitaji."

"Unasemaje?"

"Subiri."

Chumba cha ndani kilinguruma.

"Karani! Hii laptop imekuwaje?"

Alfonsi alitokea mlangoni, mnene, shati la kitenge, Beretta imetuna kiunoni. Betri ya ile HP yake ilishakufa zamani. Iliishi kwa waya, na waya huo Sabiha alikuwa ameukata kwa ndani asubuhi, akijifanya anafagia.

"Labda chaja, bosi. Njoo utumie hii yangu. Ngoja nitoke kwenye akaunti."

"Acha, acha. Utapoteza kazi yako. Mi nafungua dirisha langu hapo pembeni, namaliza fasta."

Sabiha alimpisha kiti. Mshenzi yule alikuwa na adabu zake.

Dirisha jipya lilifunguka juu ya la karani.

"Geukia huko."

Aligeukia ukuta. Alitazama kalenda ya duka la mbolea na kusikiliza vidole. Vilichapa nywila. Vikanyamaza. Vikachapa tena, amri safari hii. Alfonsi alikuwa anampa dereva njia ya mpakani, na huko Florian asingeonekana tena na mtu.

Jasho lilimtiririka mgongoni. Aliogopa, na aliogopa kwa ajili ya mtu mwingine, jambo ambalo mafunzoni walimkataza.

Alfonsi alilifunga dirisha lake kwa ile alama ya X pembeni.

"Mi siachagi mlango wazi, dada," alisema akicheka. "Nywila yangu hata mke wangu haijui."

"Hongera, bosi."

Alitoka kwenda uani kuwafokea wapakiaji.

Sabiha alikaa.

Dirisha lake lilikuwa palepale alipoliacha. Juu bado lilionyesha jina lake la karani. Lakini kivinjari kilikuwa kimoja. Kwa mfumo ule, madirisha mawili ya kivinjari kimoja yalikuwa mtu mmoja, yule aliyeingia mwisho. Alfonsi alifunga dirisha tu. Kwenye akaunti hakutoka.

Alijaza fomu.

*Mpango umebadilika. Ingia Butiama, kituo cha mafuta cha zamani, uani. Mzigo usiguswe. Nisubiri.*

Tuma.

Duara dogo lilizunguka. Likazunguka. Mtandao wa Bunda ulichagua saa hiyo kuwa mvivu.

Maandishi ya kijani: *Amri ya Msimamizi imetumwa.*

"Amini. Butiama, kituo cha mafuta cha zamani. Uani. Bila sare."

"Umefanyaje?"

"Baadaye."

Uani, simu ililia. Kisha viatu vikaja mbio.

Alfonsi aliingia na Beretta mkononi. Kwenye simu yake dereva alikuwa amejibu: *Sawa bosi, naingia Butiama.*

"Nani kaniuza? Nywila kakupa nani?"

"Hakuna."

"Toka kwenye hiyo kompyuta!"

Aliihitaji. Bila kompyuta ile asingeweza kumrudisha dereva. Sabiha hakusogea.

"Ulifunga dirisha, bosi. Kwenye akaunti bado umo. Dirisha langu linaongea kwa jina lako. Angalia mwenyewe."

Aliangalia. Mara moja tu.

Sabiha aliruka, akakisukuma kiti chake chenye magurudumu, kikamgonga Alfonsi magotini. Risasi ilitoboa dari. Sabiha aliukamata ule mkono, akaukunja, Beretta ikaanguka sakafuni. Pingu zilikuwa kwenye mkoba, chini ya chapati za mchana.

Halafu alisubiri.

Sikioni, hakuna kitu.

"Amini?"

Hakuna kitu.

"Amini, nijibu!"

"Dereva tumemkamata. Meno tumeyapata."

"Florian?"

Mkwaruzo. Kikohozi cha mtu.

"Anapumua. Anaomba maji."

Sabiha aliiokota Beretta sakafuni.

Wenzake walipofika ghalani, aliwakabidhi bosi na bastola yake.

"Msikifunge hicho kivinjari," alisema. "Amri zake zote zimo humo."

Alinyoosha mtandio na kupita katikati ya wapakiaji walioduwaa. Kwenye pikipiki yake, Honda nyekundu, alipiga simu.

"Debora, ni Sabiha. Yuko hai. Mikono imechubuka kwa kamba, basi. Jioni wenzangu watamleta."

Upande wa pili mtu alilia bila kujificha.

"Wenzako hapana. Umlete wewe," Debora alisema. "Nilikunyima mkono. Nataka kukupa."

"Nakuja," Sabiha alisema, akawasha Honda.