Barabara ya Babu Ilikwenda Wapi?

Wewe unayesoma, usigeuze uso. Mtoto akikuuliza, "Wazungu walifuata nini Afrika?" unaongeza sauti ya televisheni. Nakujua.

Kahindo, Mkongo anayeishi Tumba, Sweden, naye alikuwa hivyohivyo. Jioni moja alikuwa anasonga ugali. Jirani yake Brigitha, Mtanzania anayefundisha watu wazima maktabani, alikaa mezani akiusubiri.

Binti wa Kahindo, Arielle, akauliza, "Mama, kesho nasema mbele ya darasa kwa nini Ubelgiji ilitawala Kongo. Niseme nini?"

"Sema walikuja kutusaidia. Walileta barabara."

"Men mamma!" Arielle akadakia kwa Kiswidi. "Lakini mama! Si ulisema babu yako alichapwa kwenye hiyo barabara?"

"Nyamaza! Sweden ilitupokea hatuna hata viatu. Unataka waseme hatuna shukrani?"

Brigitha akacheka. "Dada, aliyekufungulia mlango mshukuru. Aliyemchapa babu yako utamshukuru kwa lipi?"

"Haya, mwalimu. Walifuata nini?"

"Mali! Pembe za ndovu, mpira, shaba. Viwanda vyao vilikuwa na njaa, na nguo zao zilitaka wanunuzi. Halafu wivu: Mfaransa akichukua, Mjerumani naye anataka. Mfalme wa Wabelgiji alitamani ukubwa. Kisha wakajipaka ustaarabu usoni, eti wanatuletea mwanga."

"Na wamisionari je?" Kahindo akauliza.

"Wapo waliowasaidia watawala. Wapo pia, hata wa hapa Sweden, walioona mikono ya Wakongo iliyokatwa kwa ajili ya mpira, wakapiga kelele kuupinga ukatili huo. Hao washukuru. Sasa niambie, barabara ya babu ilikwenda wapi?"

Kahindo akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Kwenye mgodi wa dhahabu."

"Na kwa babu?"

"Kwa babu tunakwenda kwa miguu mpaka leo."

"Basi mwambie mtoto. Na ugali unaungua."

Waliula na ukoko wake. Kahindo akasimulia yote: mjeledi wa ngozi ya kiboko, makovu mgongoni, na jina la babu, Mwamba.

Kesho yake Arielle alirudi anakimbia. "Mama, hakuna aliyenicheka! Thomas wa darasani kwetu amesema kwao hakuna aliyewahi kumwambia haya. Mwalimu amekushukuru wewe."

Usiku huo Kahindo aliombea chakula. Aliishukuru Sweden, kama kila siku. Kisha, kwa mara ya kwanza, akasema, "Na asante kwa Mwamba, aliyewajengea wengine barabara, nasi akatuachia ukweli."

"Amina!" akaitika Arielle, kwa Kiswahili.

Na wewe? Zima hiyo televisheni. Mwite mtoto. Mwambie babu yake aliitwa nani, alibebeshwa nini, na mzigo ulikwenda kwa nani. Sasa hivi!