Anayefagia Ndani ya Tuta

Asubuhi hiyo maji ya bomba yalinukia udi, na Mama Lango akajiambia kwamba ni pua yake tu.

Kazi yake ilikuwa kulitunza bwawa. Halikuwa kubwa, lilichimbwa ili watu waje kupumzika, wapige kasia, wajilaze kwenye nyasi na kurudi makwao. Upande mmoja maji yalizuiwa na tuta la udongo lililopanda juu kuliko paa la nyumba, na chini ya tuta ndipo ilipokuwa nyumba yake mwenyewe. Jina la Mama Lango alilipata kwa sababu ndiye aliyeshika usukani wa lango la kupunguzia maji.

Tuta la udongo halikosi kuvuja kidogo. Ndiyo maana chini kuna bomba la kuyatoa maji yanayopenya, na mtunzaji hashtuki kuona linatiririka. Anachotazama ni rangi. Maji yakiwa meupe, nenda kalale. Yakiwa na tope, jua kuwa tuta linaliwa kutoka ndani. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Lango aliyakinga kwenye chupa ya jamu, akaiinua juani, akaiweka chini yatulie, kisha akakichungulia kitako cha chupa. Miaka yote hiyo kitako kilikuwa kitupu. Mumewe alizoea kumtania kwamba chupa ile inatazamwa kwa mapenzi kuliko yeye.

Asubuhi ya udi, kitako kilikuwa na mchanga.

Mume huyo alikodisha boti za kukanyaga kwa miguu, zile zenye vichwa vya bata. Watu walimwita Kapteni kwa kumcheka, naye jina lilimkolea mpaka akanunua kofia.

"Ni mvua ya juzi hiyo," alisema. "Yatajisafisha yenyewe."

"Yananukia udi, Kapteni."

"Basi tuwatangazie wageni. Watakuja wengi zaidi."

Alicheka, lakini macho yake yalikimbilia juu ya tuta, pale palipowahi kuwa na mti.

Mti ule ulikuwa mkubwa, na ulikuwapo kabla yao. Mti juu ya tuta si jambo la heri, lakini kuukata ovyo ni vibaya zaidi, maana mizizi ikioza inaacha vijia mle ndani. Ama unang'oa shina na mizizi yake yote na kushindilia udongo mpya, ama unauacha ulivyo. Mwaka uliopita Mama Lango alikwenda msibani, na aliporudi mti haukuwapo, na gati la boti lilikuwa na mbao mpya zinazong'aa. "Upepo," Kapteni alimwambia. Mahali pa shina palikuwa pamefukiwa na kupandwa nyasi vizuri kabisa. Mama Lango aliona unga wa msumeno kwenye ukingo wa ile kofia. Alilimeza neno ili nyumba ikae kwa amani.

Mama mkwe wake alilala chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazamana na tuta. Miguu ilikuwa imemkatalia siku nyingi, ila masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya wote.

"Mkwe wangu," alisema siku ile baada ya chakula cha mchana, "nani anafagia huko nyuma?"

"Hakuna mtu, mama."

"Yupo. Tena anafagia vizuri, hata pembeni hapaachi. Wewe ungejifunza kwake."

Mama Lango alicheka, akatoka nje. Hapakuwa na mtu. Nyasi za tuta zilitulia, na upande wa pili wageni walikuwa wanapiga kelele kwenye boti. Alipanda hadi katikati ya tuta, akapiga magoti, akalaza sikio chini.

Chwaa. Chwaa. Chwaa. Kisha kimya kidogo, kama mtu anayeinama kuukusanya uchafu mlangoni. Na kule chini bomba likakohoa, likatema maji ya kahawia.

Alishuka mbio mpaka kiatu kimoja kikabaki kwenye nyasi. Akampigia simu injinia wa mabwawa, akamweleza habari ya maji, ya ufagio akaiacha. Injinia hakuwa na maneno mengi. "Fungua lango leo hii, maji yashuke. Na bomba hilo asiliguse mtu. Kesho nipo hapo."

Kapteni aliposikia, alivua kofia.

"Wageni wa mapumziko wanakuja kesho, mke wangu. Ukishusha maji boti zangu zitakaa kwenye matope. Nipe siku moja tu."

"Mama yako amelala chini ya tuta lile, Kapteni."

"Kwani mimi silali hapo? Ngoja mpaka jioni basi. Yakiwa bado machafu, fungua."

Mama Lango akakubali, na kukubali huko alikujutia. Alasiri ilipoingia alirudi kwenye bomba na chupa yake, akakuta halitoi hata tone. Moyo ukamtua kidogo, mpaka alipotia kidole ndani kikarudi na saruji mbichi. Kapteni alikuwa ameliziba kwa matambara na saruji, tope lisionekane.

Aligundua kwamba ule ufagio ulikuwa umenyamaza.

"Mkwe wangu," mama mkwe aliita kutoka dirishani, kwa sauti ndogo sana. "Njoo. Amesimama. Anauliza nani kamfungia mlango."

Hapo ndipo kilipoanza kishindo, kwanza cha mbali, kama mtu anayegonga kwa kifundo cha kidole na kungoja kuitikiwa, kisha cha kiganja, kisha cha bega zima, na kila kilipopiga nyasi za tuta zilitetemeka ingawa hapakuwa na upepo, na pale juu, mahali ambapo maji hayakuwahi kufika tangu tuta lijengwe, doa la unyevu likachomoza, likatanuka, likaanza kuteremka kuelekea nyumbani, na harufu ya udi ikashuka nayo ikajaa chumba cha nyuma, na mama mkwe, ambaye hakuweza kuinuka kukimbia, akajivutia shuka mpaka kidevuni akabaki kuukodolea macho ukuta.

Mama Lango alichukua mtaimbo, akaipiga saruji kwa nguvu zake zote mpaka ikavunjika, na maji ya tope yakamrukia kifuani. Akakimbilia lango, akaushika usukani kwa mikono yote miwili. Kapteni alikuja akihema, kofia hana, akaushika pamoja naye. Lango likafunguka. Maji ya bwawa yakaanza kwenda zake, na kishindo kikarudi kuwa ufagio, chwaa, chwaa, bila haraka.

Mama mkwe ndiye aliyemtaka mganga. Alifika kabla ya jua kuzama, mwanamke mnene anayeendesha pikipiki yake mwenyewe, kofia ngumu kichwani. Aliketi juu ya tuta akasikiliza, akauliza kwa lugha ambayo hawakuielewa, akasikiliza tena.

"Huyu hana ugomvi na bwawa lenu," alisema. "Alikuwa na nyumba yake, mti. Ukakatwa. Akashukia mizizini, anajisafishia vyumba. Atatoka, lakini aliyemvunjia aseme kwa kinywa chake mwenyewe, kisha apande mti mwingine mbali na hapa, amkaribishe. Nani aliukata?"

Kapteni alizitazama boti zake, zilizoanza kulala ubavu kwenye matope.

"Uliangushwa na upepo," alisema.

Mganga akamgeukia Mama Lango, akamtazama kwa muda. Neno lilimfika Mama Lango kwenye ulimi. Akamwona mumewe alivyonywea, akamwonea huruma na kumwonea aibu kwa pamoja, akalimeza tena.

"Haya," mganga alisema, amechoka. Alichoma ubani, akasoma, akaamuru, akapiga tuta kwa kiganja. Ufagio ukanyamaza kabisa. Alipokuwa anavaa kofia yake alimnong'oneza Mama Lango: "Ametoka. Lakini sikumpa pa kwenda."

Injinia alikuja na vijana wa kuchimba. Shina lilifukuliwa, na kila mtu akaona alama za msumeno. Kapteni alijikuna shingo, hakuna aliyemwuliza. Chini ya shina, kwenye njia ya mizizi iliyooza, walikuta uwazi ambao mtu angeweza kuketi ndani yake. Sakafu yake ilikuwa laini, haina hata kokoto. Wakaujaza udongo wa mfinyanzi, wakashindilia tabaka kwa tabaka, bwawa likaruhusiwa kujaa. Maji ya bomba yakarudi meupe. Mama Lango alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mvua zianze.

Kapteni ndiye aliyekuwa hatosheki na maji. Alikunywa jagi, akaomba jingine. Akaanza kikohozi, kidogo tu, cha mtu aliyepaliwa na vumbi.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema alasiri moja. "Anafagia tena."

"Tuta limeshashindiliwa, mama. Nimetoka huko sasa hivi."

"Sikusema kwenye tuta."

Mama Lango aliingia chumbani. Mumewe alikuwa amelala chali, na mto wake ulinukia udi. Aliinama, akalaza sikio kifuani kwake. Chwaa. Chwaa. Kisha kimya kidogo. Kapteni akakohoa, naye akamkingia kwa kilichokuwa mkononi, chupa ya jamu. Aliiinua dirishani, akaiweka chini, akangoja. Mchanga ukatulia kitakoni, mwekundu, udongo wa tuta lile lile.

"Amka," alimwambia, akimtikisa, machozi yakimtoka. "Sema sasa. Mimi nilijua toka siku ile. Sema uliukata wewe, tukampandie mti leo hii."

Kapteni alifungua kinywa. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya upole, ya mgeni mwenye adabu.

"Usiufunge huu mlango," ilisema. "Bado chumba kimoja."