Mikono ya Mpamba Keki

Ewe unayenisikiliza, hivi ungependa kuijua leo siku ambayo mwili wako utakuasi?

Mpamba keki hakupenda. Mumewe alimpata sokoni, katikati ya msukumano wa watu, mwanamume wa ovaroli ya kijani aliyekuja kukagua mizani madukani.

"Bibie, mizani yako inawapunja wateja."

"Inawapunja, au unatafuta sababu ya kusimama hapa?"

"Yote mawili."

Kufumba na kufumbua, wakaoana.

Ila baba wa mpamba keki alikufa kwa ugonjwa wa kurithi. Ulianza na vidole kucheza vyenyewe, ukamalizia na akili. Mtoto wa mgonjwa huupata au huukosa, nusu kwa nusu. Basi wakaenda kliniki, ambako yai la mke na mbegu ya mume hukutanishwa maabara, kiinitete hupimwa, chenye ugonjwa huachwa, kilicho salama hupandikizwa. Mke akamwekea daktari sharti: "Kipimeni hicho. Yangu mimi msiniambie, wala mume wangu msimwambie."

Kikapatikana kimoja salama. Wakaambiwa warudi Alhamisi kipandikizwe.

Toka hapo mume akabadilika. Mkaguzi wa mizani hakuzoea kuishi na kitu kisichopimwa. Mkewe akiandika jina kwa krimu juu ya keki, yeye kaganda mlangoni, macho kwenye vidole. Akimimina chai, macho yale yale. Nyumba ikapoa, kama nyumba inayosubiri hodi ya mtu asiyetakiwa.

Ameambiwa huyu, mke akawaza. Jumatano akavaa gauni lake la bluu, akafungasha, akaenda kwa dada yake.

Simu ikaita.

"Laazizi, kesho kliniki."

"Nenda wewe unayejua yote."

"Najua nini?"

Akakata.

Asubuhi mume akafika, shati halina pasi. Dada mtu akamfungulia. "Pita, shemeji. Lakini amenuna huyo, ukimgusa utaungua."

Mkewe alikuwa ameketi kitandani, mikono kaikalia.

"Daktari kakwambia nini?"

"Hajaniambia kitu, mke wangu. Haki ya Mungu."

"Mbona unanitazama mikono kama unasubiri maji yachemke?"

Mume akakaa sakafuni, miguuni pake. "Naogopa. Kila nikiamka nasema leo sitazami. Halafu natazama. Na juzi, ulipokuwa unakata utepe wa keki, kidole chako..."

"Usimalize."

Mke akaitoa mikono, akaiweka mapajani, na mume akajilazimisha kumtazama usoni.

"Kliniki nitakwenda," akasema mke polepole. "Mtoto namtaka. Lakini kwako nilitaka kitu kimoja tangu mwanzo, nikaona haya kukisema. Siku nitakayoangusha sahani, okota vigae, kisha niulize tunakula nini."