Kura za Vifungo

Kila alasiri Chiriku alitoka shule na kwenda moja kwa moja kwenye karakana ya sare alikoshona mama yake. Alipewa jina hilo kwa sababu ya domo lake. Hata cherehani zikinguruma, sauti yake ilisikika. Alikaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, akafanya hesabu zake na kumsubiri mama.

Siku ile cherehani zilikuwa kimya. Sheria mpya iliwapa wafanyakazi haki ya kujichagulia mwakilishi, tena kwa kura ya siri. Zamani msimamizi ndiye aliyemteua, na kila mara alimteua shemeji yake, mkata vitambaa. Safari hii mama yake Chiriku aligombea. Alitaka jambo moja: mlango wa nyuma, uliofungwa kwa kufuli saa za kazi eti wasiibe vitambaa, uachwe wazi. Wiki iliyopita waya wa pasi ulipowaka moto, wote waligombania mlango wa mbele, na Bibi Pasi, mzee aliyepiga pasi sare, akakanyagwa mkono.

"Ukishindwa, utafute kwingine pa kushona," msimamizi alimwambia mama mbele ya wote.

"Na nikishinda je?" mama aliuliza. Wanawake wakacheka.

Baadhi yao hawakujua kusoma, hivyo walibuni njia yao. Kila mmoja alipewa kifungo kikubwa cha koti, kura ya mama, na kidogo cha shati, kura ya mkata vitambaa. Alikuja amefumba ngumi, akadondosha kimoja ndani ya debe lililofunikwa, na kingine akabaki nacho mfukoni.

Ko! Ti! Ko! Ko!

Chini ya meza, Chiriku alitega sikio. Kifungo kikubwa kiligonga bati kwa kishindo. Kidogo kililia kwa sauti nyembamba. Mama anaongoza! Akaziba mdomo kwa mkono asije akapiga kelele.

Kisha akamwona msimamizi. Alisimama karibu na debe, kichwa amekiinamisha, na kila iliposikika "ko" alimkazia macho mpiga kura na kutabasamu. Kumbe naye alikuwa anasikia! Mjane aliyefuata kwenye foleni aliliona tabasamu lile, akarudi nyuma hatua moja.

Chiriku alijua kwamba akisema, kura zitafutwa, na huenda mama akashindwa. Akinyamaza, mama atashinda, lakini waliomchagua watajulikana mmoja mmoja. Akatoka chini ya meza.

"Debe linawasema! Kila kifungo kina sauti yake, na msimamizi anasikia!"

"Mtoto huyu atolewe!" msimamizi alifoka.

"Wa kutoka ni wewe, baba," alisema Bibi Pasi, mkono wake ukiwa bado na bandeji. "Mwakilishi ni wetu. Wewe hapo debeni unatafuta nini?"

"Nitawafukuza wote!"

"Wote?" mjane akadakia. "Basi sare za watu uzishone wewe. Hata uzi kwenye sindano utauweza?"

Kicheko kikalipuka. Hakuna aliyesogea mpaka msimamizi alipotoka nje. Debe likamwagwa, wakatandika mabaki ya vitambaa ndani yake, wakapiga kura upya. Safari hii vifungo vilianguka kimya.

Vilipohesabiwa, vikubwa vilivizidi vidogo kwa mbali. Mama akaenda ofisini kwa tajiri, mwenye karakana, wenzake wote nyuma yake, wala cherehani hazikuwashwa mpaka kufuli lilipotolewa.

Njiani kurudi nyumbani, Chiriku aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mwanzoni ulikuwa unashinda. Hukunikasirikia?"

"Ningekukasirikia ungenyamaza," mama alijibu. "Kura inayopigwa kwa woga si kura, mwanangu, hata ikiwa ni ya mama yako. Tena na mimi unichunge. Siku nikianza kumwogopa tajiri na kuwasahau walionichagua, waambie hivyohivyo, mbele yangu, waniondoe."