Msikilizaji wa Darini

Sefu alicheka peke yake kule darini, lakini Hadidja alisikia vicheko viwili.

Akaacha kusoma, kitabu mapajani. Kaka yake alikuwa amejificha kati ya mbao za dari tangu waasi wa Simba waliposhika Kisangani na kuanza kuwawinda makarani. Karani gani basi, jamani! Sefu alikuwa anapiga mihuri tu, lakini siku zile shati jeupe na Kifaransa kidogo vilitosha kumpeleka mtu mtoni, na waliopelekwa huko hawakurudi. Ili asipandwe na wazimu, dada yake alimsomea vitabu walivyovipenda tangu utotoni: nyumba inayohama na wenyewe ndani, binti mwenye meno kisogoni, mfalme anayekula vivuli. Macho yalisoma Kifaransa, mdomo ukatoa Kiswahili. Na alisoma mchana, kwa sababu usiku taa ingewaita askari.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Koko Madina, bibi yao, alikuwa amemwonya. "Wee Hadidja, hadisi ni ya magaribi. Ukiisema muchana, wenye hawaonekane wanakuja kusikiliza." Kila nyumba ya mtaa ule ilijua hivyo. Hadidja naye alijua, ila angefanya nini?

"Yaya," alimnong'oneza kaka yake, "uko na nani?"

"Ninaogopa kugeuka," Sefu akajibu. "Iko inapumua kwa shingo yangu. Inanuka sawa kitabu yenye ilianguka kwa mayi. Soma tu, Hadidja. Soma!"

Hadidja akafunga kitabu ili ajaribu. Dari likapigwa ngumi, vumbi likamwagika, na jirani akauliza kwa sauti kuna nini. Mungu wangu! Hadidja akafungua upesi, akasoma, na kule juu pakatulia kama mtoto aliyepewa titi.

Tangu hapo akawa mfungwa wa vitabu vyake mwenyewe. Jini halikutaka hadithi ya kurudiwa; akirudia, linakwaruza bati. Mwalimu Hemedi, ambaye angeweza kulisomea Kurani na kulitoa, hakuthubutu kuvuka barabara kwa kuwaogopa Simba. Hadidja alisoma mpaka koo likawaka moto, Koko akimwekea kikombe mdomoni katikati ya maneno, na utamu wote wa vitabu vile ukamgeukia uchungu. Kisha vitabu vikaisha.

Simba waliingia mboga ya sombe ikiwa jikoni. Mmoja wao, kijana aliyevaa ngozi ya chui kichwani, akatazama juu.

"Iko nani humu?"

"Miye na koko yangu tu, papa," Hadidja akamjibu kwa heshima.

Kucha zikaanza kukwaruza darini. Kijana akainua bunduki, na Hadidja, asiye na kitabu wala akili ya kufikiri, akijua kwamba risasi moja tu ingepita kwenye zile mbao na kumtoboa kaka yake, akafungua mdomo na kutunga yake mwenyewe, hadithi ya jini lililochoka kulala kwenye mbao na kusikiliza habari za nchi za watu, likamwona askari mwenye ngozi ya chui, likampenda, likashuka polepole, likampanda mabegani ili akalitembeze mjini lijionee kwa macho yake.

"Bon, huyu amepata kichaa," wale wengine wakasema wakicheka, wakatoka. Kijana akawafuata, ameinama kidogo, kama aliyebeba gunia.

Darini kimya.

"Imetoka!" Sefu akalia. "Dada, imetoka!" Koko Madina alicheza bila muziki, na Hadidja akajitupa mkekani akilia kwa furaha.

Jua lilikuwa bado halijazama pazia la mlango lilipofunguliwa. Harufu ilitangulia, ile ya karatasi iliyolowa. Kijana yule aliingia peke yake, akavua viatu kwa adabu, akakaa mkekani na kulaza bunduki mapajani, mtutu ukitazama juu. Alipoongea, sauti haikuwa yake.

"Nimetembea, dada. Nimeona muji wote. Asante sana. Sasa maliza ile ya kaka yako mwenye kujificha. Alishuka, ao alifia kule kule?"

Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio cha bunduki.

"Hajashuka bado," Hadidja akaanza, wala hakuthubutu kuvuta pumzi kabla ya sentensi iliyofuata.