Odeta Alishuka Kilimani

Cheka. Cheka umalize kabisa, maana nikianza sitaki kuona meno yako. Ninyi mliosoma mpaka mkavaa miwani mnadhani msichokiona hakipo. Mimi niliishia darasa la nne, lakini Nkwabi ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, na haya alinieleza mwenyewe, hana homa wala hajagusa pombe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yamejaa vitu na watu wamejaa njaa. Mkewe, Odeta, alitolewa hospitali ya mjini akapelekwa kwa shangazi yake Buzuruga, kusubiri siku yake ya mwisho. Siku ikaja alfajiri, taratibu tu, majogoo wanawika, jirani anafagia uwanja. Alikuwa ameomba jambo moja: azikwe nyumbani, mbele ya Magu kule kando ya ziwa, ubavuni mwa mtoto wao wa pekee.

Wenye mabasi walikataa maiti. Wenye pikapu walitaja bei ya ng'ombe ambao Nkwabi hakuwa nao. Akabaki na baiskeli yake.

Wakamkalisha kwenye keria angali amelegea, hajakakamaa. Mguu huku, mguu huku, kama mwanamume, kitu ambacho akiwa hai asingekubali. Wakamfunga kwenye keria na kiti kwa mipira ya tyubu, kifua chake kikiegemea mgongo wa mumewe, kanga usoni kama mgonjwa anayekwepa jua.

Shangazi Paskazia akamshika Nkwabi mkono. "Baba, kwetu maiti hasafirishwi kimya. Kila mnapopita, mwambie. Mkisimama, mwambie. Mkiondoka, mwambie. Sasa macho yake ni wewe."

"Nimesikia, mama."

"Asije akabaki njiani."

Akaenda hivyohivyo. "Odeta, Igoma hii." "Odeta, tumefika Kisesa." Pale Kisesa vijana wa kuziba pancha wakamchokoza.

"Mzee, shikamoo! Shemeji mbona hasalimii?"

"Marahaba. Ametoka hospitali."

"Basi endesha polepole, usije ukamwamsha!"

Wakacheka. Nkwabi naye akacheka. Angefanya nini?

Baada ya Kisesa mambo yakaharibika. Gurudumu la mbele likatoboka. Akaegemeza baiskeli kwenye jiwe, na mkewe juu yake, akaziba. Hakufika mbali, mnyororo ukakatika. Akaugongagonga kwa mawe mpaka ukashika. Kiraka nacho kikaachia. Akakibandika tena, solosheni ya kuzibia ikaisha. Vilima vikaanza, kimoja kinampokeza kwa kingine. Jua lilimpata yeye, na lilimpata Odeta pia. Kuhusu inzi sisemi.

Sasa sikiliza. Miaka yote ya ndoa yao, wakifika penye mlima Nkwabi husema, "Shuka, Odeta." Naye hushuka, hupanda kwa miguu nyuma ya baiskeli. Kileleni mume humngoja, humwambia, "Panda." Nani mwenye baiskeli na mke asiyejua hilo?

Kwenye kilima kirefu kuliko vyote, Nkwabi alikuwa anasukuma, viatu vinateleza kwenye changarawe, pumzi imekwisha, akili nayo imekwisha. Mdomo ukasema wenyewe.

"Shuka kidogo, Odeta."

Baiskeli ikawa nyepesi.

Akageuka. Mkewe alikuwa palepale, amefungwa, kichwa kimeinama. Lakini uzito haukuwepo. Ulikuwa kama mzigo wa pamba.

Akasukuma. Ndipo akasikia ndala.

Pwa. Pwa. Pwa.

Nyuma yake. Mwendo wa mtu asiye na haraka. Odeta walimfunga peku.

Hakugeuka tena. Akasikia na pumzi, ile ya mtu anayepanda mlima. Aliye kwenye keria hapumui.

Akafika kileleni. Alipaswa kungoja. Alipaswa kusema neno moja tu, na alilijua. Ulimi ukagoma. Mbele yake mteremko.

"Nkwabi." Ilikuwa sauti ya chini, wala haikuwa na hasira. "Ningoje."

Akarukia kiti, akaachia breki.

Alifika kwetu jua halijazama. Tulimpokea marehemu wanawake wawili, tukamnyanyua kama ungo. Tukatazamana. Tukamzika ubavuni mwa mtoto wake kama alivyoomba. Zamu ya mume kutupa udongo ilipofika, Nkwabi alisimama na gao lake la udongo mkononi, hatupi.

"Humo hamna mtu," akasema.

Watu wakasema ni majonzi.

Kesho yake akarudi kule kilimani. Akasimama kileleni na baiskeli, anaita mchana kweupe, wapita njia wanamkwepa. "Panda, Odeta. Panda, mke wangu, nimekungoja." Hakuna kilichopanda. Akarudi nayo, anataja kila kijito na kila njia panda, na keria nyepesi mpaka mlangoni. Akaenda tena. Akaenda mpaka baiskeli ikawa chuma chakavu, akaenda kwa miguu mpaka miguu nayo ikamkatalia. Mlango wake hakuufunga tena, masika wala kiangazi. Nilimgombeza: fisi watakula uso wako.

"Anatembea, dada," akanijibu. "Na njia haijui. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake."

Miezi yake ya mwisho hakukanyaga chini. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimpaka mafuta miguuni kila jioni. Asubuhi moja nikaja na uji. Nikamkuta amekufa, uso ameugeuzia ubavuni, upande ambao mimi sikumlaza.

Chini ya kitanda palikuwa na karai. Mimi karai nililiacha nje, limefunikwa juu ya kichanja.

Lilikuwa na maji. Machafu, mazito, changarawe za barabarani zimetulia chini. Maji ya mtu aliyenawa miguu baada ya safari.

Nikatazama miguu ya Nkwabi. Mikavu, mafuta yangu ya jana bado yanang'aa.

Na ubavuni mwake mkeka wa kitanda ulikuwa umebonyea, urefu wa mtu. Nikapeleka kiganja.

Pana joto.

Sikumwita mtu. Niliweka uji chini, nikatoka, nikafunga mlango.